Dubrovnik si King's Landing, na shida ni sisi

Wasee, leo nitakosana na wengi wenu, na niko sawa na hilo.

Kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe: "Niko na pesa kidogo nimeweka, niende Dubrovnik nione King's Landing?" Jibu langu ni hili. Kama unaenda kuona King's Landing, baki nyumbani. Rudia tamthilia kutoka msimu wa kwanza. Ni bei rahisi, na hutasumbua mtu.

Najua mnasema nini. "Si huyu alienda mwenyewe? Si aliposti?" Ndiyo, nilienda. Niliposti. Ndiyo maana leo nataka niwaambie yenye sikuposti.

Tuanze na safari yenyewe. Dubrovnik iko Kroatia, pwani ya bahari ya Adria. Tangu Januari 2023 Kroatia iko ndani ya Schengen, kwa hivyo ni ile visa mnaijua: euro 90, taarifa za benki, bima, barua ya mwajiri, halafu unakaa unaomba Mungu. Mimi niliweka akiba nikasahau nyama choma ni nini. Nikafika huko na orodha kwa simu: ngazi za Cersei, ngome ya Red Keep, ghuba ya Blackwater. Angalieni hiyo orodha vizuri. Kila jina lililo hapo ni la kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hata hiyo King's Landing yenyewe, msimu wa kwanza waliipigia Malta, ndiyo wakahamia Dubrovnik msimu wa pili.

Sasa ngazi. Zinapanda kutoka uwanja wa Gundulić hadi kanisa la Wajesuiti. Zimekuwa hapo tangu 1738. Msimu wa tano, Cersei alitembezwa uchi hapo huku umati unamzomea. Siku niliyofika tulikuwa kama watu arobaini kwa hizo ngazi, kila mtu anangoja zamu yake ya kushuka pole pole huku rafiki yake anapiga kelele nyuma, "Aibu! Aibu!"

Nikashuka mara ya kwanza, sikupenda vile nilitoka. Mara ya pili mtu akapita mbele ya simu. Mara ya tatu nikaona mama mmoja wa rika la shosho yangu amesimama pale chini, mfuko wa mboga kila mkono. Kwa huo uwanja kuna soko la asubuhi, na ni wazi alikuwa ametoka huko. Alikuwa anangoja tumalize. Hakusema kitu, hakukunja uso. Alikuwa amezoea. Nilimwambia samahani baada ya kumaliza. Baada ya kumaliza, mnanisikia? Akaanza kupanda, akapumzika katikati, na kabla hajafika juu mtu mwingine alikuwa ameshaanza "Aibu! Aibu!" karibu na sikio lake.

Hiyo video ndiyo mlipenda kuliko zote.

Sasa nieleweni. Sisi Wakenya tunajua huu mchezo vizuri sana, kwa sababu tunachezewa kila siku. Mgeni anashuka JKIA akiwa na Lion King kichwani, anakuambia "hakuna matata" hata kabla ya jambo, anataka kujua simba wako wapi. Mwingine anaenda Karen kutafuta ile Kenya ya Out of Africa, filamu ya 1985, na akipata foleni ya magari na watu wanauza mahindi choma anahisi ameibiwa. Tunawacheka. Tunaandika nyuzi ndefu za hasira kwamba sisi si mandhari ya hadithi ya mtu. Halafu tukipata visa tu, jambo la kwanza ni kumuuliza mtu wa Dubrovnik Red Keep iko wapi.

Na kinachouma ni kwamba mji wenyewe una mambo kuliko hiyo tamthilia.

Tulimshangilia Daenerys akivunja minyororo ya watumwa, sivyo? Tulisimama kwa viti. Basi huu mji, wakati huo ukiitwa Ragusa na ukiwa jamhuri, ulipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1416. Pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria 1907. Hesabu hiyo tofauti mwenyewe. Mtu mwenye kwao Mombasa au Malindi angekuwa na maswali mia ya kuuliza pale. Mimi sikuuliza hata moja, nilikuwa natafuta kiti cha chuma cha kupigia picha kule kisiwa cha Lokrum.

Mnakumbuka karantini ya 2020? Mwaka 1377 Ragusa iliamuru watu wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia. Ni kati ya sheria za kwanza za aina hiyo duniani. Nje tu ya lango la Ploče bado kuna Lazareti, majengo ya baadaye ambayo wageni na bidhaa viliwekwa vikingoja. Nilipita hapo mara mbili bila kujua ni nini.

Halafu kuna kuta. Kuta zina urefu wa mita 1,940, na tiketi ni zaidi ya euro 30. Panda, kwa kweli ni kuzuri. Lakini ukiwa juu, angalia mapaa. Utaona vigae vingine vimefifia, vya zamani, na vingine vingi ni vya rangi ya chungwa kali, kama jana. Mimi nilidhani ni ukarabati wa kawaida. Kundi lililokuwa mbele yangu lilikuwa linabishana joka la Daenerys liliingilia upande gani likichoma mji.

Vigae vipya viko hapo kwa sababu mji ulichomwa kweli. Oktoba 1991 jeshi la Yugoslavia liliuzingira, na makombora yakaanguka kutoka milimani na kutoka baharini. Siku mbaya zaidi ilikuwa tarehe 6 Desemba. Mji wa kale una majengo 824, na takriban theluthi mbili yalipigwa. Ukiingia mjini kuna ramani ukutani inayoonyesha kila kombora lilianguka wapi. Tunaipita kama bango la matangazo. Ndani ya jumba la Sponza kuna chumba chenye picha za waliokufa wakiulinda mji, wengi sura za vijana kama sisi. Nilipoingia humo tulikuwa watu watatu. Nje, mtaa wa Stradun ulikuwa haupitiki.

Fikiria wewe ndiye ulikuwa mtoto 1991, umejificha chini ya ardhi, unasikia nyumba ya jirani ikianguka. Halafu 2019 dunia nzima inatazama mji unaofanana na wako ukiteketea kwa moto wa joka. Na mwaka unaofuata mgeni anakuuliza, akicheka, joka lilipita wapi.

Sasa nawasikia: "Lakini buda, hiyo tamthilia imewaletea pesa." Imeleta, sikatai. Watu wamepata kazi, hoteli zimejaa, na hakuna mtu anataka kurudi njaa. Lakini uliza pesa imefanya nini kwa watu wa ndani ya kuta. Mwaka 1991, kabla ya vita, waliishi humo karibu watu 5,000. Leo ni chini ya 2,000. Makombora hayakuwamaliza. Kilichowatoa ni nyumba kugeuzwa vyumba vya wageni, duka la mkate kugeuka duka la panga za plastiki, na kelele. UNESCO ilipendekeza wageni wasizidi 8,000 kwa siku. Jiji lenyewe likaamua meli za kitalii zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na abiria wao wasizidi 4,000. Mji unaoishi kwa utalii ukianza kufukuza meli, jua umeelemewa.

Juu ya mlango wa ngome ya Lovrijenac, hiyo hiyo mnaita Red Keep, kuna maneno ya Kilatini yamechongwa. Maana yake ni kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote. Nilipiga picha nikiwa nimesimama chini yake. Nilikata maneno ili uso wangu utokee vizuri.

Sisemi msisafiri. Mtoto wa Umoja au wa Likoni ana haki ya kuona Adria kama mtoto wa London, na visa zisituzoeshe kuomba msamaha kwa kutembea. Nasema tu, ukishateseka hivyo kupata hiyo visa, mbona uende kuona kitu unaweza kuona kwa simu yako Rongai?

Lala huko usiku mmoja badala ya kushuka na meli na kutoka jioni. Enda sokoni asubuhi, ununue matunda kwa mama anayeuza, usimpige picha kwanza. Ingia Sponza. Tembea hadi Lazareti. Na ukifika kwa zile ngazi, pita tu kama ngazi, na ukipata mtu ana mizigo, msaidie.

Tamthilia ipende, mimi bado naipenda. Lakini watu walikuwa wanaishi hapo kabla kamera ije, na walibaki wamefungiwa humo wakati dunia ilikuwa inaangalia tu.

Ile video ya ngazi nimeifuta leo asubuhi. Ndiyo ilikuwa na watazamaji wengi kwa ukurasa wangu wote, na imeniuma, siwezi kuwadanganya. Kama uliihifadhi, ifute pia. Yule mama anaonekana pale nyuma na mifuko yake, na hakuna mtu alimuomba ruhusa.