Mada Kumi na Mbili za Mwaka

Mwezi wa Mfungo Nne ulipoandama, nyumba nne za mtaa wetu hapa Dodoma zilikubaliana kusoma kwa mwaka mzima kwa kufuata mada. Kila mwezi wa Kiislamu umepewa sharti lake: kitabu cha safari, kitabu cha mashairi, kitabu kilichoandikwa na jirani asiye wa dini yetu, kitabu chenye umri unaomzidi mkubwa wa nyumba, kitabu ambacho watoto watakichagua na wazazi watalazimika kukisoma. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya sala ya Isha, tunakutana katika baraza moja na kila aliyesoma anaeleza alichokikuta. Hakuna zawadi, wala hakuna mshindi.

Hatutarudia hapa khutba ya neno la kwanza lililoteremshwa kwa Mtume (s.a.w.). Msomaji ameshaisikia mara nyingi, na mara nyingi akatoka msikitini, akarudi katika nyumba isiyo na kitabu zaidi ya msahafu na madaftari ya shule. Tunalotaka kulieleza ni nini hutokea pale mtu anapokubali kuchaguliwa mada na mwenziwe.

Mazoezi ya namna hii yameenea Marekani na Uingereza, ambako kila Januari wasomaji hupeana orodha za mada. Katika nchi za Kiarabu lipo lililo kubwa mno. Mwaka 2015 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, alianzisha mashindano ambamo mwanafunzi hutakiwa kusoma vitabu 50 vya Kiarabu katika mwaka mmoja wa masomo, na kuandika muhtasari wake katika vijitabu vinavyoitwa pasipoti. Mwaka wa kwanza walijiandikisha wanafunzi zaidi ya milioni 3, na taji likaenda kwa mtoto wa Algeria mwenye umri wa miaka 7. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, hesabu ya 50 hatukuichukua. Mtoto anayekimbilia idadi hutafuta vitabu vyembamba, na mzazi anayenunua kitabu cha hadithi kwa bei ya kilo kadhaa za mchele hawezi kukimbia naye.

Kielelezo tulichokiona kinatufaa kilikuwa hapa hapa nyumbani. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakanyanyuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Miaka michache nyuma, sensa ya 1967 ilikuwa imeonesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban 67 kwa mia. Kikundi hakikuhitaji wasomaji kumi. Kilihitaji msomaji mmoja mwenye sauti, na wengine wenye masikio na ndimi. Mwaka 1975 ikaja kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kwa mtindo ule ule. Mada moja, kitabu kimoja, watu wengi: huo ndio utaratibu tulioufuata, tukaongeza tu uhuru wa kila mtu kujichagulia kitabu chake pale kinapopatikana.

Miezi ya mwanzo ilipita kwa wepesi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kila nyumba ilikuwa na kitabu cha Sira, na mazungumzo yalikuwa mazuri ingawa hakuna aliyeshangazwa na chochote. Mwezi wa mashairi uliwapa raha wazee na kuwachosha vijana. Ramadhani tuliiachia Qur'an peke yake, na tunaishauri kila familia ifanye hivyo.

Zoezi lilionja makali yake pale lilipofika sharti la kitabu chenye umri unaomzidi mkubwa wa nyumba. Mkubwa wetu ni bibi aliyevuka miaka 80. Kijana mmoja anayesoma chuo kikuu akaleta maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyoandikwa na mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache kabla ya mwandishi kufariki Zanzibar mwaka 1905. Kwa sharti la umri, kilifaa bila shaka. Kwa mengine, baraza liligawanyika.

Mzazi mmoja alitaka kitabu kirudishwe. Hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema watoto wetu wameshachoka kusikia utumwa ukisimuliwa kana kwamba ni sura ya dini yao, na kwamba kuwakalisha wenyewe mbele ya habari za mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Muislamu aliyesali na kufunga, ni kuwapa wenye kutubeza silaha zaidi. Mama mwingine akamjibu kwamba mtoto atamkuta Tippu Tip katika somo la historia, tutake tusitake. Bora amkute tukiwa tumekaa naye. Akakumbusha kwamba Surat al-Balad inapoitaja njia ngumu ya kupanda, jambo la kwanza inalolitaja ni kumwacha huru mtumwa. Sisi tulikuwa upande wa mama huyu, na bado tuko upande wake.

Kitabu kikasomwa. Kinavutia, na hilo ndilo linalomsumbua msomaji. Mwandishi ni msimulizi hodari, mwenye kejeli na kumbukumbu ya mikopo, vita na masafa. Pembe zake anazihesabu kwa frasila. Watu waliozibeba hawapewi majina ila kwa nadra. Binti mmoja wa darasa la sita alilitambua hilo kabla yetu, akauliza: "Sasa hawa waliobeba walikuwa nani?" Kisha akamgeukia mkubwa wa nyumba: "Bibi, walipita hapa?" Bibi akajibu kwa neno moja: "Walipita." Njia ya kati ya misafara ilitoka pwani, ikapanda Mpwapwa, ikaikata Ugogo kuelekea Tabora. Watemi wa Ugogo waliwatoza wasafiri hongo, kwani katika nchi hii kame mwenye kisima ndiye mwenye neno. Ardhi tunayojenga nyumba zetu leo, na mashamba ya mizabibu, iko katika nchi iliyopitwa na njia ile. Usiku ule hakuna aliyetoa hitimisho, na kikao kilikwisha saa tano.

Kuna jambo jingine lililozaliwa na kitabu hicho. Bibi huyu alipata elimu yake chuoni, kwa herufi za Kiarabu. Qur'an anaisoma, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo anakisoma vilevile. Herufi za shule hazijui, na kwa sababu hiyo maisha yake yote amehesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Kijana akaeleza kwamba Tippu Tip naye aliandika habari zake kwa herufi za Kiarabu, na kwamba hizi za Kilatini ziliwekwa baadaye na Mjerumani, Heinrich Brode. Yule binti wa darasa la sita, ambaye madrasa inamfunza herufi hizo hizo, alikaa siku tatu akinakili ukurasa mmoja kwa herufi za Kiarabu. Ijumaa bibi akausoma mwenyewe barazani, polepole, akisahihisha tahajia ya mjukuu. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumsikia akisoma habari ya dunia. Tangu siku hiyo jina lake limo katika orodha ya wasomaji, na kila mwezi anadai ukurasa wake.

Sharti la jirani asiye wa dini yetu lilitupeleka karibu zaidi. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkristo, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, si mbali na ulipo Mji wa Serikali leo. Huo ndio mwaka ambao njaa iitwayo Mtunya ilianza kuisonga Ugogo, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yamekwishachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakosekana. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ndiye huyo aliyezikuza ngonjera, zile tulizozighani shuleni bila kujua zimetoka kwa nani. Baadhi yetu tumeishi hapa tangu utotoni, tunanunua maziwa na kuku kwa Wagogo, tunaozeshana nao, na hatukuwahi kusoma kitabu cha Mgogo kuhusu Wagogo. Jirani mmoja wa Kigogo alialikwa kikao hicho. Alikubaliana na kitabu mahali pengi, akakipinga mahali pawili, na kupinga kwake kukawa ndiko kulikotufunza zaidi.

Kwa familia itakayotaka kuanza, maneno machache ya matumizi. Maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo pa kuanzia, kabla ya kufungua pochi. Kwa watoto wadogo, tafuteni vitabu vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991. Vingi ni vya Kiswahili chepesi, na vina picha. Kitabu kimoja kikizunguka nyumba nne kwa wiki nne, kinatosha. Asiyesoma kwa mwezi huo asiulizwe sababu, aje asikilize. Na sharti moja angalau liwe la kuwakera watu wazima kidogo.

La kwetu linakuja mwezi ujao, zamu ya watoto kuchagua. Wamekubaliana juu ya Kuli, riwaya ya Adam Shafi kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Akina baba wawili wameomba waongezewe mwezi mmoja kwa sababu ya kazi nyingi. Ombi lao liko mbele ya watoto, na hadi tunakwenda mitamboni lilikuwa halijajibiwa.