Mkunazi Hauna Mtetezi

Mtu akinunua kiwanja siku hizi, mti wa kwanza kupigwa shoka ni mkunazi. Ati una miiba, ati majani yake yachafua uwanja. Kisha mahali pake hupandwa maua ya kupendeza macho, yasiyoliwa wala kutibu.

Ndugu zangu, huo tunaoukata ndio sidri. Umetajwa katika Kurani Tukufu, Suratul Waqia, miongoni mwa neema za Peponi, na huko hauna miiba. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na binti yake, aliwaamrisha wanawake wamwoshe kwa maji na majani ya mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Ndivyo tuoshavyo maiti wetu hadi leo.

Masheikh watatwambia kuwa majani yakikosekana, sabuni yatosha. Ni kweli. Lakini kuyakosa kwa kuwa ardhi haiyaoteshi ni jambo moja, na kuyakosa kwa kuwa tumeyafyeka wenyewe ni jambo jingine. Si aibu mtu wa Mombasa au Lamu kununua unga wa sidri ndani ya pakiti iliyotoka ng'ambo, hali mti wenyewe waota mchangani petu bila kubembelezwa?

Wala tusidhani kazi yake ni mazishini pekee. Kunazi zina vitamini C kwa wingi, nazo zikianikwa hukaa muda mrefu. Majani yakipondwa majini hutoa povu, na kwa povu hilo bibi zetu waliosha nywele. Mbuzi huyala, nyuki huyafuata maua, na wenye asili ya Hadhramauti hawahitaji kuambiwa thamani ya asali ya sidri. Mizizi yake huzama sana, ndipo ukastahimili ukame. Hata hiyo miiba inayolaumiwa hufanya ua ambao mwizi ataufikiria mara mbili. Wazee wa Unguja waliupa mtaa mzima jina lake, Mkunazini.

Basi kila msikiti na upande mmoja, na kila makaburi na mmoja. Asiye na nafasi kubwa atafute mche uliounganishwa. Huo huzaa mapema, nao waweza kupogolewa usitambae. Tumefunzwa kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo ndege, mnyama au mtu huandikwa kuwa sadaka yake. Mkunazi watulisha tungali hai, na tukifa watuosha. Ni mti gani mwingine wa kuuonea haya uwanjani?