Mali Bila Daftari

Wako watu wasemao kwamba mtoto wa Kibera au Kawangware, ambaye hununua hata maji ya kunywa kwa mtungi, hana haja na habari za chemchemi za Bogoria. Hizo, wasema, ni za watalii na wapiga picha. Maneno hayo yana hasara, nami nayapinga.

Ziwa Bogoria liko Baringo, katika Bonde la Ufa, chini ya genge la Siracho. Kandokando yake maji ya moto hububujika, na mengine huruka juu pamoja na mvuke. Pale yanapopoa hutanda utando wa kijani, wa manjano na wa hudhurungi. Rangi hizo si za mawe matupu. Nyingi ni za viumbe hai, bakteria wasioonekana kwa macho, waliozoea joto na magadi ambayo yangewaua viumbe wengine.

Sasa zitazame suruali za jinzi katika soko la Toi, kando ya Kibera. Nyingi zimepaushwa kiwandani. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mawe. Baadaye vikatumika vimeng'enya, na baadhi yake vilitokana na bakteria wa maziwa ya magadi ya Kenya. Mwaka 1992 wataalamu kutoka Uingereza walichukua sampuli katika maziwa hayo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai fungu la faida kutoka kwa kampuni ya Marekani. Upande wa pili ukakana kuvunja sheria. Tope la kujaza kichupa lilitosha kuzusha mzozo huo! Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Wao waliliona tope wakauliza lina nini, na wengi wetu tuliridhika na uzuri wake. Wala tusiwasahau Waendorois, waliohamishwa kandokando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970, na ambao haki yao ilithibitishwa na Tume ya Afrika. Fungu likipatikana, nao wana sehemu yao.

Basi, kijana, jifunze bayolojia, kemia na sheria kwa bidii. Siku mtu atakapokuja tena na kichupa chake, awepo Mkenya, hata akiwa mzaliwa wa Kawangware, wa kumwuliza: unachukua nini, kwa idhini ya nani, na fungu la wenyewe ni lipi?