Nyama ya pengwini iliyookoa mabaharia

WAZAZI wengi wanaijua vita ya mezani: mtoto amefunga mdomo, mboga zinapoa kwenye sahani. Mwaka 1898 vita kama hiyo ilizuka kati ya watu wazima, ndani ya meli Belgica iliyonaswa na barafu karibu na Antaktika.

Meli hiyo ya Ubelgiji, chini ya Adrien de Gerlache, ilikwama kwa takriban mwaka mzima. Kwa zaidi ya miezi miwili jua halikuchomoza kabisa. Mabaharia walitegemea vyakula vya makopo. Wakaanza kuishiwa nguvu, wakavimba miguu na fizi. Hicho kilikuwa kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini C.

Daktari wa meli, Mmarekani Frederick Cook, aliwahi kuishi karibu na Wainuit wa Greenland. Aliona wanakula nyama mbichi na kiseyeye hakiwapati. Akawataka wote wale nyama ya pengwini na sili. De Gerlache aliichukia ladha yake, akakataa. Alipozidiwa, akakubali kuila kama dawa, na wagonjwa wakapata nafuu. Wakati huo hakuna aliyejua vitamini C ni nini.

Msaidizi wa nahodha, Roald Amundsen kutoka Norway, hakulisahau somo hilo. Alipojiandaa kwenda Ncha ya Kusini, watu wake walikula nyama ya sili msimu mzima wa baridi. Desemba 14, 1911, yeye na wenzake wanne wakawa watu wa kwanza kufika huko, na wote walirudi salama.

Ujasiri huo unaendelea. Januari 2022, Preet Chandi, mtaalamu wa fiziotherapia katika jeshi la Uingereza, alifika Ncha ya Kusini peke yake kwa siku 40, akikokota chakula chake kwenye sleji.

Nyumbani kwako pengwini hahitajiki, na nyama ya mtoto lazima iive vizuri. Vitamini C imo kwenye mapera, machungwa, mapapai na mboga za majani. Usichemshe mboga muda mrefu, wala usimwage maji yake.

Mtoto akikataa, usimlazimishe. Mpe kidogo kidogo, tena na tena, huku akikuona unakula. Fizi zake zikitoka damu mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya.