Wakimbiaji wawili, mpira mmoja

Kocha akiwa na mastraika wawili wa moto, mashabiki hawaishi kubishana: nani aanze? Ohio State, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Marekani, ilikutana na swali hilo msimu wa 2024. TreVeyon Henderson alikuwepo tangu 2021, Quinshon Judkins akahamia kutoka Ole Miss. Kazi yao moja: kupewa mpira mkononi na kupasua ukuta wa mabeki.

Kocha Ryan Day hakuchagua, aliwagawia. Judkins alikimbia na mpira mara 194, Henderson 144, na kila mmoja akavuka yadi 1,000.

Wanaotaka staa mmoja wanasema mkimbiaji huchanganya kadiri anavyopewa mpira. Sawa, lakini msimu ule ulikuwa na mechi 16, na karibu kila mbio huishia kwa kuangushwa chini. Januari 2025 pumzi bado zilikuwepo: Notre Dame ikalala 34-23 kwenye fainali, Judkins akifunga mara tatu.

Wenyewe walipoteza? Wapi! NFL iliwachukua wote raundi ya pili, mmoja wa 36, mwingine wa 38. Kugawana mpira hakukuwanyima ajira.