Jamu Isiyoshika

Msimu wa maembe ufikapo, mama zetu na binti zetu hupika jamu majumbani, na wengi hulalamika kwamba imebaki majimaji. Wengine huimwaga. Hiyo ni israfu iliyo dhahiri, kwani sukari na matunda ni mazima, na dawa yake imo jikoni.

Kwanza ni subira. Jamu huendelea kushika hata baada ya kuepuliwa, na yaweza kuchukua siku nzima. Ikiingia siku ya pili nayo ni maji vilevile, ndipo irejeshwe motoni.

Yapasa kuijua sababu. Kinachoigandisha jamu ni kitu kiitwacho pektini, kilichomo ndani ya tunda lenyewe. Nacho hakifanyi kazi ila kipate ukali kama wa ndimu, na sukari ya kutosha. Mapera, hasa yasiyoiva sana, yanayo pektini nyingi. Maembe yaliyoiva na mananasi yana kidogo. Basi mwenye jamu ya maembe na atwae mapera machanga, ayakatekate, ayachemshe kwa maji ya kuyafunika tu mpaka yalainike, kisha ayachuje kwa kitambaa bila ya kukamua. Kwa kila kilo ya jamu atie kikombe kimoja cha maji hayo, kikombe cha sukari, na vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu. Achemshe kwa moto mkali katika sufuria pana, asijaze, huku akikoroga. Atone tone moja juu ya kisahani kilicho baridi, angoje kidogo, alisukume kwa kidole. Likikunjamana, aepue papo hapo. Asiseme nizidishe ili iwe ngumu zaidi, kwani moto mrefu huivunja ile pektini, na sukari huungua.

Wako wanaoshauri kutia jelatini. Jelatini siyo pektini! Hiyo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi ni ya nguruwe. Pakiti isiyobainisha asili yake tusiiingize nyumbani. Na ya nini, hali mapera yako uani?

Ama jamu iliyofanya povu na kunuka uchachu, hiyo haitengenezeki. Imwagwe, wala si israfu.

Na apikaye kwa kuuza je? Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya chakula, akakuta umajimaji uliofichika chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona. Basi chupa ya jamu iliyokataa kushika isiandikwe jamu. Iandikwe shira ya maembe, iuzwe kwa bei ya shira. Wanunuzi wake hawakosekani: watoto huichovyea chapati, na ikikorogwa katika maziwa baridi, mimi naipenda kuliko ile iliyoganda.