Ofisi Imehamia Mfukoni Mwetu

Wakubwa wa Dar wanatuambia ofisi imekufa, kazi sasa ni popote. Waje Tunduma! Tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, na nyaraka za mzigo zinapita kwenye kompyuta. Karani wa wakala anazijaza hata akiwa chumbani kwake. Sawa. Lakini bando ananunua nani? Umeme je? Tajiri kafunga fremu, kodi kaitia mfukoni, kijana hata hela ya vocha hapewi. Na lori likikwama foleni usiku, dereva anataka mtu, si simu. Kijana huyohuyo anapanda bodaboda kwa hela yake. Fremu siililii, jamani, baridi ya Juni ilitutesa mle. Kodi yake ndiyo naitaka, tugawane.